Maswali ya Wasomaji: Kuigiza Mlipuko wa Ugonjwa Mjini Kabla Haujatokea

Makala fupi ya toleo lililopita, iliyoeleza kwamba wataalamu wa afya ya jamii hutumia kompyuta kuigiza jinsi ugonjwa unavyoweza kuenea mjini, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Baadhi zinasifu, baadhi zinatilia shaka, na chache zinauliza waziwazi kama huu si upigaji ramli wa kisasa. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na majibu ni haya yafuatayo.

Swali: Mliandika kwamba kompyuta hujengewa mji wa kubuni, kisha ugonjwa ukaachiwa humo. Ndani yake huwekwa nini hasa? Ni ramani, ni hesabu, au ni vikaragosi vinavyotembea kama katika mchezo wa video? (Mwanafunzi wa sekondari)

Jibu: Ni hesabu, ingawa hesabu zenyewe zimebadilika sana. Mwaka 1927 William Kermack na Anderson McKendrick, waliokuwa wakifanya kazi Edinburgh, walichapisha milinganyo ambayo katika sura yake inayojulikana zaidi huwagawa watu wa mahali fulani katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na wanaoweza kuambukiza wengine, na wale waliokwisha kupona au kufa. Milinganyo hiyo hueleza kasi ya watu kutoka kundi moja na kuingia jingine, na mpaka leo ndiyo msingi wa modeli nyingi, yaani mifano ya kihesabu ya jinsi ugonjwa unavyoenea. Udhaifu wake ni kwamba, katika umbo lake rahisi, humchukulia kila mkazi kuwa na nafasi sawa ya kukutana na mkazi mwingine yeyote, jambo ambalo halijapata kutokea katika mji wowote, kwa kuwa mtoto mchanga, kondakta wa basi na mgonjwa asiyetoka kitandani hawakutani na watu kwa kiasi kimoja.

Njia ya pili, iliyowezekana pale kompyuta zilipopata nguvu ya kutosha, ni kumwigiza kila mkazi peke yake. Waandaaji huchukua majedwali ya sensa na kuunda kaya za kubuni ambazo, zikijumlishwa, hulingana na kaya halisi kwa umri, jinsia, kazi na idadi ya watu nyumbani. Kila mkazi wa kubuni hupewa makazi, shule au mahali pa kazi, pamoja na ratiba ya siku inayotokana na tafiti za usafiri.

Tumfuate mmoja wao. Kwa kompyuta yeye ni namba tu, lakini namba hiyo ina umri wa miaka 34 na inaishi na watu wanne. Saa moja kasorobo asubuhi anapanda basi na kukaa humo dakika 40. Kuanzia saa mbili anafanya kazi katika chumba chenye watu wanane. Jioni anapitia dukani, na saa moja usiku yuko nyumbani. Mmoja wa wenzake wa chumba kile anaumwa bila kujua. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kila saa ya kukaa naye ni 2 katika 100. Baada ya saa nane uwezekano huo haufiki 16, bali ni karibu 15 katika 100, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa saa ya kwanza hahesabiwi tena saa ya pili. Kompyuta huchagua namba kwa bahati nasibu, na namba hiyo ikiangukia ndani ya zile 15, basi mkazi wetu ameshaupata ugonjwa. Usiku ule anakula na familia yake bila kumwambukiza yeyote, kwa kuwa programu imempa siku kadhaa za vijidudu kuongezeka mwilini. Siku ya nne anaanza kuambukiza, siku ya tano anaanza kukohoa, na hapo programu inaamua, tena kwa bahati nasibu, iwapo atabaki nyumbani au atapanda basi kama kawaida yake. Hesabu hiyo ikirudiwa kwa wakazi milioni moja, siku baada ya siku kwa miezi kadhaa, ndipo mlipuko mmoja wa kuigiza unapokamilika. Picha za rangi zinazoonyeshwa kwenye mikutano huchorwa baadaye.

Swali: Nimefanya kazi ya chanjo kwa muda mrefu. Nitajieni jambo moja tu ambalo uigaji umetufundisha, na ambalo mhudumu mwenye uzoefu asingelijua bila kompyuta. (Muuguzi)

Jibu: Mfano unaofaa zaidi ni wa mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Katika maabara ya taifa ya Los Alamos kulikuwa na programu iliyoitwa TRANSIMS, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga barabara na usafiri, na kwa hiyo ilikuwa na orodha ya wakazi wa kubuni na mahali alipo kila mmoja wao kila saa. Watafiti waliona kwamba programu inayojua nani yuko wapi na saa ngapi inajua pia nani anavuta hewa moja na nani, wakaijengea juu yake nyingine iliyoitwa EpiSims. Mwaka 2004 Stephen Eubank na wenzake walichapisha matokeo yake katika jarida la Nature. Mji wao wa kubuni ulikuwa na wakazi takribani milioni 1.6 na maeneo ya kukutania karibu 180,000, na ugonjwa waliouachia ulikuwa ndui. Ndui ilikuwa imetangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, lakini baada ya mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2001 Wamarekani waliogopa kwamba kirusi chake kingeweza kutumiwa kama silaha.

Wakati huo ubishi mkubwa ulikuwa huu: je, mji ukishambuliwa, wachanjwe wakazi wote kwa mkupuo, au wafuatiliwe wagonjwa na kuchanjwa wale tu waliokutana nao? Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Uigaji ulionyesha kwamba uchaguzi kati ya njia hizo mbili ulikuwa na uzito mdogo ukilinganishwa na muda. Kilichoamua zaidi idadi ya vifo ni jinsi wagonjwa walivyowahi kujitenga nyumbani au kutengwa, na baada ya hapo ni muda ambao mamlaka zilichelewa kuchukua hatua. Njia ya kuwafuatilia wagonjwa, ikianza mapema, ilitosha kuudhibiti mlipuko bila kumchanja kila mtu. Ikichelewa, njia zote zilikuwa na kazi ngumu. Mhudumu mwenye uzoefu alikwisha kujua kwamba kuwahi ni bora, ila hakuwa na namna ya kupima ubora huo dhidi ya ubora wa njia moja juu ya nyingine, na bila kipimo hicho kikao kinaweza kutumia miezi kugombania swali lisilo kubwa.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo mimi binafsi naliona la ajabu zaidi. Wengi wetu tungedhani kwamba ukiwachanja wachache wanaokutana na watu wengi kuliko wengine, mtandao wa maambukizi utakatika. Katika mji ule haukukatika kirahisi hivyo, kwa kuwa watu wa kawaida, wenye marafiki wachache na ratiba ya kawaida, wanatosha kuuunganisha mji mzima. Maeneo ndiyo yaliyotofautiana sana, machache yakipokea umati mkubwa na mengi yakipokea watu wachache.

Suala la muda lina ushahidi nje ya kompyuta pia. Katika homa ya mafua ya mwaka 1918, wagonjwa wa kwanza miongoni mwa raia wa Philadelphia waliripotiwa tarehe 17 Septemba, na bado gwaride kubwa lililovuta watu wapatao 200,000 likafanyika tarehe 28 Septemba. Shule, makanisa na kumbi vilifungwa tarehe 3 Oktoba. St. Louis iliripoti wagonjwa wake wa kwanza tarehe 5 Oktoba na kuanza kufunga tarehe 7. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za miji ya Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba miji iliyochukua hatua kadhaa mapema ilikuwa na kilele cha vifo kilicho chini kwa karibu nusu ya kile cha miji iliyochelewa. Hesabu yake haina fumbo: wagonjwa wakiongezeka maradufu kila baada ya siku 3, kuchelewa kwa wiki moja ni kukutana na mlipuko ulio mkubwa mara tano.

Swali: Kama kila hatua huamuliwa kwa bahati nasibu, basi programu ikiendeshwa mara mbili itatoa majibu mawili. Lipi ndilo la kweli? (Mwalimu wa hisabati)

Jibu: Majibu yatatofautiana, Mwalimu, na kila moja lina ukweli wake. Chukua ugonjwa ambao kila mgonjwa huambukiza wastani wa watu wawili, katika mji usio na kinga yoyote, ukianza na mgonjwa mmoja tu. Ukiutazama wastani peke yake utasema mlipuko ni lazima. Lakini katika modeli rahisi, ambamo muda wa kuambukiza hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa kwa bahati nasibu, uwezekano wa ugonjwa huo kuzimika wenyewe ni 1 gawanya kwa 2, yaani nusu. Ukiendesha programu mara 1,000, karibu mara 500 utaona watu wachache wakiugua kisha kimya, na mara zilizobaki utaona mlipuko kamili. Ukichukua wastani wa mara zote hizo utapata mlipuko wa ukubwa wa kati, ambao haukutokea hata mara moja. Kwa sababu hiyo mtaalamu makini hatoi mstari mmoja kwenye grafu, bali huonyesha mtawanyiko mzima wa matokeo na kueleza ni mara ngapi kati ya mia moja hospitali zilizidiwa.

Hali huwa ngumu zaidi pale wagonjwa wachache wanapoambukiza wengi. Katika mlipuko wa SARS, ugonjwa hatari wa njia ya hewa, wa mwaka 2003 wagonjwa wengi hawakumwambukiza mtu yeyote, ilhali wachache walisababisha sehemu kubwa ya maambukizi. Mgeni mmoja katika hoteli ya Hong Kong alitosha kuupeleka ugonjwa katika nchi kadhaa. Ugonjwa wa namna hiyo huzimika wenyewe mara nyingi zaidi, lakini ukishika, hulipuka kwa kishindo. Wastani hausemi lolote kuhusu tofauti hiyo.

Swali: Mwaka 2014 tuliambiwa Ebola ingeweza kufikia watu zaidi ya milioni moja, haikufika. Mwaka 2020 tukatajiwa mamilioni ya vifo vya UVIKO-19. Kuna tofauti gani kati ya haya na ramli? (Barua tatu ziliuliza jambo hili, moja yao kwa ukali)

Jibu: Ukali wa barua hiyo tumeupokea, maana hapa ndipo uigaji ulipojivunjia heshima, mara nyingine kwa kosa la watangazaji na mara nyingine kwa kosa lake wenyewe.

Tuanze na Ebola. Mnamo Septemba 2014 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichapisha makadirio kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 kufikia tarehe 20 Januari 2015. Kadirio hilo lilikuwa na sharti: iwapo hakuna hatua ya ziada wala mabadiliko ya mwenendo wa watu, na baada ya kuongeza idadi ili kufidia wagonjwa wasioripotiwa. Taarifa hiyohiyo ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa, takribani 70 katika 100, wakipatiwa matibabu mahali pa kuwatenga, au hata nyumbani kwa utaratibu salama unaokwenda pamoja na mazishi salama, mlipuko ungeanza kufifia. Vituo vikajengwa, mazishi yakabadilishwa, na mlipuko wote wa Afrika Magharibi ukaishia kwenye wagonjwa wapatao 28,600, wakiwamo zaidi ya 11,000 waliofariki. Mpiga ramli humwambia mteja kitakachotokea. Taarifa ile ilisema kitakachotokea ikiwa hakuna atakayefanya lolote, na kusudi lake lilikuwa kuwafanya watu wafanye jambo. Hata hivyo sina budi kukubali kwamba tarakimu ya milioni 1.4 ilikuwa upande wa mbali kabisa wa yaliyowezekana, kwa sababu hofu ya watu wenyewe ilikwisha kuanza kupunguza maambukizi kabla misaada haijafika.

Kuhusu mwaka 2020, ripoti ya chuo kikuu cha Imperial College London ya tarehe 16 Machi ilikadiria vifo 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani, tena kwa sharti lilelile la kutofanyika kitu, sharti ambalo waandishi wa ripoti wenyewe walisema halielekei kutimia. Vichwa vya habari vilichukua tarakimu na kuliacha sharti.

Lakini kosa la ndani nalo lilikuwapo. Programu iliyotumika ilitokana na modeli ya homa ya mafua iliyoandikwa zaidi ya miaka 13 kabla, maelfu ya mistari yake ikiwa haina maelezo ya kumsaidia mgeni kuielewa, na ilipoanza kusaidia maamuzi ya serikali watu wa nje hawakuwa na nafasi ya kuikagua. Ilifunguliwa kwa umma baadaye, na watafiti huru walipoipima walikuta vigezo, yaani namba ambazo programu hupewa kabla ya kuanza hesabu, zaidi ya 900, ambavyo vichache tu ndivyo vilivyoyumbisha matokeo: muda kati ya kuambukizwa na kuanza kuambukiza, ucheleweshaji wa kujitenga, na jinsi watu wanavyotii agizo la kukaa mbalimbali. Vigezo hivyo vikibadilishwa kidogo tu, idadi ya vifo hubadilika sana. Naona ni haki kudai kwamba programu inayoweza kusababisha mji ufungwe iwe wazi kwa ukaguzi kabla ya siku ya dharura.

Ukitaka kujua kama unasomewa ramli au uchambuzi, tazama kama unapewa ulinganisho. "Watakufa watu laki moja" ni kauli dhaifu hata ikitoka katika kompyuta kubwa kuliko zote, kwa kuwa makosa ya vigezo huingia yote ndani yake. "Kufunga shule wiki mbili mapema hupunguza kilele cha wagonjwa katika karibu kila hali tuliyojaribu" ni kauli imara zaidi, maana makosa yaleyale yapo pande zote mbili za mizani na sehemu yake kubwa hufutana.

Swali: Je, kuna uwezekano kwamba mimi na watoto wangu tumo ndani ya mji huo wa kompyuta? (Mzazi)

Jibu: Katika mji uliojengwa kwa majedwali ya sensa, hapana. Kaya za kubuni hutungwa ili jumla zake zilingane na za mtaa, na si kwa kunakili kaya ya mtu. Pa kuwa na tahadhari ni kwenye data za simu za mkononi, ambazo ni kumbukumbu za nyendo za watu halisi. Hizo zinapaswa kuondolewa majina na kujumlishwa kwa eneo kabla hazijatoka mikononi mwa kampuni ya simu.

Swali: Mimi ni afisa afya katika mji mdogo. Hatuna kompyuta kubwa wala mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa. Je, haya yote ni ya wenye uwezo tu? (Afisa afya)

Jibu: Sehemu yake kubwa inawezekana kwako. Modeli ya makundi matatu inaingia katika jedwali la kawaida la kompyuta ya ofisini, kila mstari ukiwa siku moja, na inatosha kukuonyesha ni wiki ipi vitanda vitakwisha iwapo wagonjwa wataongezeka maradufu kila siku 3, na ni ipi iwapo ni kila siku 6. Kwa anayetaka kumwigiza kila mkazi, zipo programu za bure zilizo wazi kwa ukaguzi, kama Covasim iliyotolewa mwaka 2020, ambazo huendeshwa kwenye kompyuta mpakato.

Kikwazo kwako kitakuwa takwimu kuliko mashine. Utafiti unaotumiwa sana kuhusu nani hukutana na nani ni ule wa POLYMOD, uliochapishwa mwaka 2008, ambamo zaidi ya watu 7,000 katika nchi nane za Ulaya waliandika kila mtu waliyekutana naye kwa siku moja. Ni kazi nzuri, lakini ukiichukua kama ilivyo na kuipandikiza katika mji ambao babu, mama na wajukuu wanalala nyumba moja, utapunguza hatari ya wazee bila kujua. Heri uchunguzi mdogo wa wakazi wako mwenyewe, hata wa kaya mia mbili, kuliko mkubwa wa kuazima. Kuhusu nyendo kati ya miji, data za simu zimesaidia pale ambapo tafiti za usafiri hazikuwapo: nchini Kenya watafiti walitumia kumbukumbu, zisizo na majina, za watumiaji wa simu wapatao milioni 15 kubaini jinsi wasafiri walivyokuwa wakisambaza vimelea vya malaria kutoka eneo la Ziwa Victoria, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012.

Jambo moja hutalipata katika programu yoyote, nalo ni jinsi watu wako watakavyotenda wakiogopa. Programu itakuomba uandike kwamba wakazi 60 au 80 katika 100 watatii agizo la kubaki nyumbani, na namba hiyo mara nyingi hubuniwa mezani. Hapa ndipo modeli zote ninazozijua zilipo dhaifu zaidi. Usiandike namba moja. Jaribu 30, jaribu 60, jaribu 90, kisha uone mpango gani unabaki na maana hata katika 30, na huo ndio wa kuandikia bajeti. Andaa vilevile fomu ya wagonjwa mia moja wa kwanza: tarehe ya kuanza kuumwa, tarehe ya kufika kituoni, umri, wanaoishi naye, na mahali alipokuwa wiki iliyotangulia. Tofauti kati ya tarehe mbili za kwanza ndiyo kigezo kitakachobadilisha matokeo yako kuliko karibu vingine vyote, na kukikusanya hakuhitaji kompyuta.